Nguzo ya Chumba cha Mama

Dada yangu aliniomba kitu kimoja tu siku tulipokubaliana kubomoa tembe letu la Mlali, nyumba ya udongo yenye paa bapa, na kitu hicho nikamnyima. Nimekaa na jambo hili miaka kadhaa sasa. Kila ninapojaribu kulisimulia kwa mdomo hujikuta nimeanza kujitetea kabla sijafika katikati, kwa hiyo naona bora niliandike.

Mimi ni mwanamke mchongaji, na ni profesa wa usanifu katika chuo kimoja hapa Dodoma. Kazi yangu ya kitaaluma inahusu nafasi na namna watu wanavyoihisi: mtu anavyokitambua chumba kabla hajakitazama, jiwe linavyoonekana zito hata usipolinyanyua, na kwa nini ndani ya kuta za udongo watu hushusha sauti bila kuambiwa. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza nawafunga macho kwa vipande vya kanga, nikawapitisha kwenye korido, kwenye ngazi, ukumbini na kwenye stoo ya mbao, kisha wakaja kuchora walichokisikia kwa ngozi na kwa masikio. Zoezi hilo limenipatia sifa. Wageni wa vyuo vingine wamekuja kulitazama wakiwa na madaftari yao. Nalitaja mapema ili msomaji ajue kwamba sina kisingizio cha kutojua.

Mama alifariki nikiwa na miaka minne. Dada alikuwa na kumi na sita au kumi na saba, hakuna aliyeandika. Baba alioa kwingine, akahamia upande wa Kiteto na ng'ombe wake, akawa anakuja kwetu kama mgeni, anakaribishwa kigoda na maji ya kunywa. Dada ndiye aliyenilea. Aliwahi kuolewa, akarudi kabla mwaka haujaisha, na mtu akimuuliza sababu alijibu kwamba ugali wa kule ulikuwa haumpandi. Alikuwa mkali, mcheshi, mpenda ugoro, na alisikiliza matangazo ya vifo redioni kila mchana kama watu wengine wanavyosikiliza mpira.

Kila kiangazi kilipokolea tulizikandika upya kuta za tembe. Dada alichimba udongo wa kichuguu, akauchanganya na mavi ya ng'ombe na majivu, akaukanyaga mpaka ukawa laini kama unga uliokandwa, kisha akaupaka kwa kiganja kilicholowa maji. Mimi nilipewa sehemu ya chini ya ukuta, kimo cha magoti yake.

"Usiukwaruze," alikuwa akiniambia. "Ubembeleze. Ukuta ukikwaruzwa unakumbuka."

Miaka mingi baadaye, nikiwa masomoni nje ya nchi, walimu wangu waliniambia nina mkono wa ajabu kwenye udongo. Waliniuliza nilifundishwa na nani. Nikataja shule. Wala sikuwa nimesahau. Niliona haya kusema kwamba mwalimu wangu wa kwanza hakuvuka darasa la tatu na kwamba malighafi yetu ilikuwa mavi ya ng'ombe.

Macho ya dada yaliliwa na vikope. Kwetu ugonjwa huo ulikuwa wa kawaida, kope zinageukia ndani na kulikwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Alikuwa akizing'oa kwa kibano, ameketi mlangoni, kioo kidogo mkononi, machozi yanamtiririka naye anacheka. Siku madaktari wa macho walipokuja kijijini kuwafanyia watu upasuaji, dada alikuwa njiani ananisindikiza shule ya bweni, sanduku langu la bati kichwani mwake. Walipokuja tena ulikuwa msimu wa kupanda. Nilipomaliza shahada ya kwanza jicho la kushoto lilikuwa limekufa. Niliporudi kutoka nje na kuanza kufundisha Dodoma, la kulia lilikuwa linatofautisha mchana na usiku, basi.

Lakini ndani ya tembe ungemwona ungedhani anaona. Hakutumia fimbo. Sakafu ilikuwa na bonde dogo mbele ya mafiga, na unyayo wake ulilijua. Ukuta wa magharibi ulikuwa na joto jioni, wa mashariki asubuhi. Kilindo cha kuhifadhia uwele kilikuwa na harufu yake. Na mlangoni mwa chumba cha mama ilikuwapo nguzo ya mpingo, fundo lake likiwa usawa wa kiuno, imelainishwa na mikono ya watu wa kwetu mpaka ikawa na mng'aro kama ngozi iliyopakwa mafuta. Dada aliniambia mama alikuwa ameishikilia nguzo hiyo wakati wa uchungu wa kunizaa mimi. Yeye kila alipopita aliigusa kwa vidole viwili, bila kusimama, kama unavyomgusa mtu begani kumwambia upo. Kutoka hapo alijua kila kitu kilipo.

Mimi nilikuwa nimepanga nyumba Makole, Dodoma mjini, na nilikuwa na karakana hukohuko Nkuhungu. Mlali nilienda Krismasi, na mara moja au mbili katikati ya mwaka. Dada aliponipigia simu nilimwambia sina nafasi.

"Hivi si nafasi ndiyo unayofundisha?" aliniuliza siku moja. "Unawagawia wanafunzi yote, unabaki huna hata ya kuja Mlali."

Nilicheka. Nilimsimulia mwenzangu ofisini naye akacheka. Sikwenda.

Mwaka mmoja mvua zilikuwa kubwa, upande wa nyuma wa tembe ukainama na paa likaanza kuvuja. Mwezi huohuo mwalimu mwenzangu alipita Mlali kwenye msiba wa jamaa yake, akaonyeshwa kwetu. Aliporudi aliniambia mbele ya watu, kwenye chai ya saa nne, "Profesa mzima, dada yako bado anakaa kwenye tembe?" Hakusema kwa ubaya. Nadhani alishangaa tu. Lakini niliona aibu, na jioni ile nilikaa mezani nikaanza kuchora nyumba.

Niliichora vizuri. Ilikuwa na sebule pana yenye dari ya juu, madirisha makubwa ya aluminiamu kuelekea milimani, sakafu ya marumaru, kuta nyeupe. Kati ya sebule na vyumba niliweka daraja moja la kushuka, kama kipandio cha ngazi, moja tu, kwa sababu napenda mtu anapoingia mahali pa faragha ahisi nafasi ikibadilika chini ya nyayo zake. Nimeandika makala nzima kuhusu daraja kama hilo.

Nilienda kumweleza dada. Tuliketi nje, anachambua mboga za mlenda kwa vidole, redio iko mapajani.

"Hili tembe si linatengenezeka?" aliuliza.

"Linaweza kukuangukia, dada."

"Upande mmoja ndio umeinama."

"Nataka ukae mahali pazuri. Umeteseka vya kutosha."

"Mimi sijui kama nimeteseka," alisema. "Ila kama umeamua, mdogo wangu, jenga. Na hili?"

"Tutalibomoa." Nilijua nikiliacha hatahamia.

Akaacha kuchambua. "Basi nguzo ya chumba cha mama iache. Iweke popote katika hiyo nyumba yako, hata jikoni. Ile tu."

"Sawa, dada," nikasema.

Hapa ndipo lazima niseme kile ninachokikwepa nikisimulia kwa mdomo. Wakati ule nilikuwa nimepewa kazi ya kutengeneza sanamu kwa ajili ya ukumbi wa kuingilia wa jengo jipya la ofisi mjini. Nilikuwa nimeshindwa kwa miezi minne. Nilijaribu mawe ya huku kwetu, nikajaribu chuma, vyote vikasimama pale vikiwa vimekufa. Siku mafundi walipoanza kulivunja tembe nilikuwapo, na vumbi lilipotulia nikaziona nguzo zote zimesimama zenyewe bila kuta, jua linapita katikati, na mabaki ya udongo yenye alama za viganja vya dada yamening'inia kwenye fito. Niliiona kazi yangu imekamilika mbele yangu. Na katikati yake, ile inayozishika nyingine zote zisionekane kama msitu wa vijiti, ilikuwa nguzo ya mpingo.

Dada alikuwa kwa jirani siku hizo. Nilikodi lori, nikazihesabu nguzo na kuziandika namba kwa chaki, nikavifunga vipande vya ukuta kwa magodoro, vyote vikaenda Nkuhungu. Jioni nilimfuata dada.

"Nguzo umeiweka wapi?" lilikuwa swali lake la kwanza.

"Dada, mchwa walikuwa wameshazimaliza nguzo. Zilivunjika zikishikwa tu. Mafundi wamezichoma."

"Zote?"

"Zote."

"Hata mpingo?"

"Hata mpingo."

Kila mtu wa kwetu anajua mchwa hawagusi mpingo. Mtoto anajua. Dada aligeuza uso upande wangu, yale macho meupe yakanielekea sawasawa, kisha akasema, "Haya," akaomba apewe ugoro wake.

Nyumba ilikwisha kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Majirani walikuja kuitazama, wakavua viatu mlangoni, wakasifu. Nilimshika dada mkono nikamtembeza chumba kwa chumba nikimweleza, kwa sauti ileile ya darasani. Sauti yangu ilikuwa inagonga kwenye marumaru na kurudi. Nilimwonyesha daraja la kushukia, nikamshusha na kumpandisha mara tatu. Alifuata vizuri. Tulipomaliza alisimama katikati ya sebule, akapiga kofi moja, akasikiliza.

"Naongea mbele, inanijibu nyuma," alisema. "Nitajuaje mlango uko wapi?"

"Utazoea."

"Na kuta zako zote zinafanana."

"Ni rangi moja, dada."

"Mimi rangi ya nini?"

Nikacheka tena. Nilikuwa na tabia hiyo, kucheka pale aliposema jambo ambalo ningelipaswa kuliandika.

Miezi mitatu baadaye nilipita bila kutoa taarifa nikamkuta hakai mle ndani. Mafundi walikuwa wamejenga jiko dogo uani, kwa mabaki ya tofali na udongo, chumba cha hatua nne kwa tatu. Godoro lake lilikuwa humo, na redio, na kopo la ugoro, na kanga zake zimetundikwa msumarini. Alikuwa na furaha, anapika, anaimba. Nyumba kubwa ilikuwa imefungwa, vumbi jekundu limetulia juu ya makochi niliyomnunulia.

Niliumia, na kwa sababu niliumia nikawa mkali.

"Dada, unaniaibisha."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu. Wanaona nimekujengea nyumba, wewe unalala jikoni."

"Hao watu hawalali humo." Aliendelea kusonga ugali. "Mle ndani nimepotea, mdogo wangu. Naamka kwenda haja nazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Kule hakuna hata kitu kimoja kinachonijua."

Ningeliyasikia maneno hayo kwa mwanafunzi ningemsimamisha mbele ya darasa ayarudie. Kwa dada yangu nilisema kwamba hajajaribu vya kutosha. Nikasema mengine pia, kuhusu nilivyojinyima na kuhusu shukrani. Nikambebea godoro mwenyewe, nikalirudisha kwenye chumba chenye dirisha la milimani, nikafunga jiko kwa kufuli na ufunguo nikampa jirani. Dada hakubishana. Alinifuata nyuma ameshika ukingo wa kanga yangu, kama mimi nilivyokuwa nikishika yake zamani tukienda kisimani.

Hazikupita siku kumi nikapigiwa simu. Alikuwa ameanguka kwenye daraja lile na kuvunjika mkono wa kulia, karibu na kiwiko. Nilimfuata nikamleta hospitali mjini, wakamnyoosha mfupa na kumfunga plasta ngumu, nikampeleka nyumbani kwangu Makole apate kupona.

Alikaa kwangu wiki sita. Mimi nilikuwa nikifundisha asubuhi, mchana narudi kumlisha. Hatukugusia daraja. Sanamu ilikuwa imekwisha kusimikwa wakati huo na kusifiwa, na dada alijua tu kwamba nimetengeneza "kitu cha ofisini". Siku ya mwisho ya kliniki, tulipotoka hospitali, nilipigiwa simu kwamba kuna karatasi ya makabidhiano sijatia sahihi. Jengo lilikuwa njiani. Nilifikiri nitatumia dakika tano. Nilimketisha dada kwenye benchi karibu na mlango, mbali kabisa na sanamu, nikamwomba mlinzi amwangalie, nikapanda juu.

Niliposhuka benchi lilikuwa tupu.

Alikuwa amesimama ndani ya sanamu. Mkono uliotoka kufunguliwa plasta umelala kifuani, wa kushoto uko juu ya nguzo ya mpingo, vidole viwili kwenye fundo. Mlinzi, kijana mrefu mwenye sare iliyomzidi mabega, alikuwa kando yake, hajui afanye nini.

"Shikamoo, profesa," alisema haraka. "Bibi aliniuliza ni nini kinachonuka moshi wa kuni humu ndani. Nikamwambia ni mapambo. Akaomba nimsogeze. Nilimwambia hairuhusiwi kushika, akasema ni ya kwao."

Watu walikuwa wakipita na mafaili, wengine wakipunguza mwendo. Dada hakugeuka. Alihamisha mkono kutoka kwenye mpingo akaenda kwenye kipande cha ukuta kilichokuwa nyuma yake, akavipitisha vidole juu ya alama za viganja, akaviweka vidole vyake ndani ya alama moja. Ilimwenea.

"Twende nyumbani," nikasema.

"Twende," alisema.

Nyumbani nilimtengenezea chai, nikamwekea kikombe mkononi. Alikunywa nusu. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mchwa wa Mlali siku hizi wanaendesha malori."

Nilianza kueleza. Nilisema kwamba nguzo zile zingeoza uani, kwamba sasa zimehifadhiwa, zitaonwa na watu kutoka kila mahali, kwamba mama angefurahi. Nilizungumza muda mrefu. Aliniacha nimalize.

"Ungeniomba," alisema.

"Niliogopa utakataa."

"Labda ningekataa. Labda ningekupa. Sasa hakuna anayejua." Aliweka kikombe chini, akapapasa meza kuhakikisha kimekaa. "Wewe uliiona nzuri. Mimi nilikuwa natembea nayo."

Kesho yake aliomba arudishwe Mlali. Alifungua jiko, akaingia humo, nami sikumzuia.

Nilienda kwenye ile ofisi kuuliza kama naweza kuitoa nguzo moja. Ofisa aliyenipokea alikuwa mpole. Alinieleza kwamba kazi imeshakabidhiwa, kwamba kuna utaratibu, niandike barua. Kwa miaka yote hii hili ndilo nimekuwa nikiwaambia wachache wanaojua habari hii: kwamba nilijaribu, wakanizungusha. Ukweli ni kwamba sikuiandika barua. Nilisimama ukumbini siku ile nikaiangalia kazi yangu, nikaifikiria bila nguzo ya katikati, nikajua ingeanguka. Namaanisha ingesimama, lakini isingekuwa kitu. Sijawahi kutengeneza kazi nzuri kama ile, kabla wala baada. Nikarudi karakana.

Badala yake nikachonga nakala. Niliomba ruhusa ya kupima, nikaipima nguzo ile kila upande, nikanakili michirizi yake kwenye karatasi, nikatafuta mpingo wa unene uleule. Nilichonga miezi miwili, jioni na siku za mapumziko. Nililichonga fundo. Nililichonga bonde dogo lililoachwa na vidole. Nililainisha kwa msasa, kisha kwa majani, kisha kwa kiganja na mafuta mpaka ngozi ya mkono wangu ikachubuka. Niliifukiza hata moshi. Nakumbuka nilikuwa na matumaini kama ya mtoto anayepeleka ripoti ya shule.

Niliishusha kutoka garini mwenyewe, nikaisimamisha mbele ya mlango wa jiko.

"Nimekuletea kitu, dada."

Alitoka, mkono wake umeshapona ingawa haukunyooka tena sawasawa. Aliishika. Alianzia chini, akapanda taratibu, akafika kwenye fundo, akatulia. Akalizunguka kwa kidole gumba. Akainama akanusa.

"Umechonga vizuri," alisema.

"Inafanana?"

"Inafanana sana." Akaiachia. "Mwambie fundi aisimike kule uani. Itafaa kufungia kamba ya nguo."

Hakusema kwa kejeli. Ningependa angekuwa amesema kwa kejeli. Ilisimikwa, na kamba ikafungwa kwenye lile fundo, na mpaka leo watu wanaanika nguo pale.

Baada ya mwaka mmoja hivi alihamia kwa jirani yetu, mama mmoja mjane tuliyezoea kumwita shangazi ingawa hatukuwa na undugu naye. Shangazi alikuwa bado na tembe lake, dogo, lenye vyumba viwili. Dada alilijua tangu utotoni. Nilikuwa nikienda kuwaona mara nyingi kuliko zamani, kila mwezi, wakati mwingine mara mbili, na dada alinipokea vizuri, akauliza kuhusu wanafunzi, akanipikia. Tulizungumza kuhusu mvua, alizeti, na nani amekufa redioni. Kama kulikuwa na mlango uliofungwa kati yetu, ulifungwa kwa adabu sana kiasi kwamba sikupata mahali pa kubisha. Mara nyingi niliondoka Dodoma nimeshayapanga maneno ya kuomba radhi, nikayarudisha Dodoma kama yalivyo.

Aliugua kifua mwanzoni mwa mvua. Shangazi alinipigia simu kwamba anakohoa. Nilikuwa nasahihisha mitihani, nikasema nitakuja Ijumaa. Siku ya Jumatano walimpeleka hospitali ya wilaya, na Alhamisi alfajiri nikapata simu nyingine. Nilikuta ameshavalishwa. Shangazi alikuwa amemfunga kitambaa kichwani upande, vile alivyopenda.

Tulipomaliza siku za msiba na ndugu kutawanyika, nilibaki siku moja zaidi kumsaidia shangazi kubangua karanga za mbegu. Tuliketi mlangoni kwake, beseni katikati.

"Dada yako alikuwa akikusifu," alisema shangazi.

Nilidhani ananiliwaza. "Kunisifu kwa lipi, shangazi?"

"Kile kitu chako cha kule mjini. Alivyorudi tu, bado hata mkono haujapata nguvu, alikuja kukaa hapahapa akanisimulia. Alisema umelipanga tembe lenu likasimama katikati ya watu wakubwa, na mkono wake mwenyewe umo. Alisema nguzo ya mama yenu umeiweka mahali pa heshima, haiegemei kitu, nyingine zote zinaiangalia. Alisema hakujua kama mikono yako inaweza kufanya vile."

Niliacha kubangua. "Kwa nini hakuniambia?"

"Na mimi nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, nikimwambia atafikiri nimemsamehe."

Kuku walikuwa wakizunguka beseni, shangazi akawafukuza kwa mguu. Niliuliza swali ambalo nilijua hana jibu lake.

"Na alikuwa amenisamehe?"

Shangazi alikuwa mkweli, ndiyo maana dada alimpenda.

"Hilo hakusema, mwanangu," alijibu. "Alikuwa akiulizia tu utakuja lini."

Akanisogezea rundo lingine la karanga. Tulibangua mpaka maganda yakajaa nyungo mbili, yeye akinieleza shamba lipi atapanda kwanza na nani atamlimia. Upande wa Kongwa wingu lilikuwa limeanza kukusanyika, akanihimiza niondoke kabla makorongo hayajajaa. Nilimwinamia nikamuaga, nikaingia garini. Mikono yangu ilikuwa na vumbi jekundu la karanga mpaka kwenye viwiko, na nilifika Makole bila kuwa nimeinawa.